Archibald Garrod

Sir Archibald Edward Garrod (London, 25 Novemba 1857 – Cambridge, 28 Machi 1936) alikuwa daktari na mtafiti wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuwa wa kwanza kuonyesha kwamba ugonjwa wa binadamu unaweza kutokana na kasoro ya kikemia ambayo mtoto huirithi kwa kufuata kanuni za Gregor Mendel.

Garrod alifundisha pia kwamba hakuna watu wawili ambao miili yao inalingana kabisa katika kemia yake, na kwamba tofauti hizo zinaeleza kwa nini dawa ileile humsaidia mgonjwa mmoja na kumdhuru mwingine. Kwa sababu hiyo anahesabiwa kati ya watangulizi wa famakojenetiki, yaani elimu inayochunguza jinsi jeni za mtu zinavyoathiri namna mwili wake unavyopokea dawa. Leo elimu hiyo inawawezesha madaktari kupima jeni za mgonjwa kabla ya kumchagulia dawa au kumpangia kipimo chake.

## Familia na elimu

Garrod alizaliwa London katika familia ya wasomi. Baba yake, Sir Alfred Baring Garrod, alikuwa daktari maarufu aliyegundua kwamba damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki kupita kiasi. Ugunduzi huo ulikuwa mmoja kati ya mifano ya kwanza ya kutumia kemia kueleza ugonjwa. Kaka yake Alfred Henry alikuwa mwanazuolojia. Hivyo Archibald alikua akisikia habari za maabara na za wodi katika nyumba moja.

Alisoma katika shule ya Marlborough, kisha katika Chuo Kikuu cha Oxford, alipohitimu sayansi asilia mwaka 1880 akiwa na daraja la kwanza. Baada ya hapo alisomea udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew's, London, na kumaliza mwaka 1884. Alikaa pia kwa muda Vienna, mji uliokuwa wakati ule kituo kikubwa cha mafunzo ya tiba.

Mwaka 1886 alimwoa Laura Elizabeth Smith, binti wa daktari mpasuaji wa hospitali hiyohiyo. Walijaliwa watoto wanne: wavulana watatu na msichana mmoja, Dorothy.

## Kazi ya hospitalini

Kupanda cheo hospitalini kulikuwa kwa polepole. Garrod alisubiri miaka mingi akiwa katika nafasi za chini St Bartholomew's, na tangu mwaka 1892 alifanya kazi pia katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Mwaka 1890 alitoa kitabu kuhusu baridi yabisi, maradhi ambayo baba yake pia aliyachunguza.

Katika miaka hiyo alivutiwa na rangi za mkojo. Alishirikiana na mwanakemia Frederick Gowland Hopkins, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu vitamini. Kwa madaktari wengi rangi ya mkojo ilikuwa dalili ndogo tu. Kwa Garrod ilikuwa njia ya kutazama kemia ya mwili bila kumkata mgonjwa.

Moja ya mambo aliyochunguza lilihusu dawa. Madaktari wa wakati ule waliwapa wagonjwa salfonali ili wapate usingizi. Wengi waliitumia bila shida, lakini baadhi walianza kutoa mkojo wenye rangi nyekundu iliyokoza, na wengine wao walikufa. Garrod na Hopkins walikuwa miongoni mwa waliochunguza rangi hiyo, iliyoitwa hematoporfirini. Baadaye sana ilifahamika kwamba kuna watu wanaorithi upungufu wa vimeng'enya vinavyohusika na rangi hiyo, na kwamba kwao dawa fulani za usingizi ni hatari.

## Uchunguzi wa alkaptonuria

Hali iliyompatia Garrod umaarufu ni alkaptonuria. Mtu mwenye hali hiyo hutoa mkojo unaogeuka mweusi ukikaa hewani. Kwa kawaida mzazi huigundua kwenye nepi za mtoto mchanga. Mwaka 1891 watafiti wa Ujerumani walikuwa wameshatambua kemikali inayosababisha weusi huo, nayo ni asidi ya homojentisiki. Hata hivyo, madaktari wengi waliamini kwamba asidi hiyo inatengenezwa na vijidudu ndani ya utumbo. Kwa maoni yao alkaptonuria ilikuwa aina ya ambukizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Garrod alimpata mgonjwa mvulana mwenye umri wa miezi michache. Mama wa mtoto huyo aliposhika mimba nyingine, Garrod aliona nafasi ya kupata jibu. Mtoto alizaliwa Machi 1901, na wauguzi waliagizwa kuangalia kila nepi kwa makini. Doa jeusi lilionekana ndani ya siku tatu za kwanza za maisha. Muda huo ulikuwa mfupi mno kwa maelezo ya ambukizo. Garrod alihitimisha kwamba mtoto alizaliwa na hali hiyo.

Jambo la pili aliligundua kwa kuuliza habari za familia. Wazazi wa watoto hao walikuwa mabinamu wa kwanza, yaani wajukuu wa babu na bibi mmoja. Alipofuatilia familia nyingine zenye alkaptonuria, alikuta ndoa za aina hiyo mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Wazazi wenyewe walikuwa wazima, ila baadhi ya watoto wao walikuwa na hali hiyo na wengine hawakuwa nayo.

William Bateson, mwanabiolojia wa Cambridge, alifahamu maana ya jambo hilo. Kazi ya Mendel kuhusu kurithi sifa ilikuwa imefufuliwa mwaka 1900 tu, baada ya kusahauliwa kwa zaidi ya miaka 30. Bateson alieleza kwamba sifa iliyofichika hujitokeza pale tu mtoto anapoipokea kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Watu wa ukoo mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba sifa ileile iliyofichika, na kwa hiyo ndoa kati yao huidhihirisha. Wazazi wawili wabebaji wakipata mtoto, uwezekano wa mtoto huyo kuwa na hali yenyewe ni 1 kati ya 4.

## Makala ya mwaka 1902

Tarehe 13 Desemba 1902 Garrod alichapisha makala kuhusu alkaptonuria katika jarida la Lancet. Ndiyo makala ya kwanza iliyotumia kanuni za Mendel kueleza ugonjwa wa binadamu.

Katika makala hiyo Garrod hakuishia kwenye alkaptonuria. Alipendekeza kwamba hali hiyo adimu ni mfano ulio wazi wa jambo lililoenea kwa watu wote. Jinsi sura za watu zinavyotofautiana, ndivyo na kemia ya miili yao inavyotofautiana, ila tofauti nyingi ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Kama mifano alitaja watu wanaodhurika na dawa ambazo wengine huzivumilia, na watu wenye kinga ya asili dhidi ya maradhi fulani. Wakati huo madaktari waliyachukulia mambo hayo kama miujiza midogo ya mgonjwa mmoja mmoja. Garrod aliyaona kuwa na sababu moja, nayo ni tofauti za kuzaliwa katika kemia ya mwili.

## Kasoro za kuzaliwa za umetaboli

Mwaka 1908 Garrod alialikwa kutoa mihadhara ya Croonian mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari, London. Alizungumzia hali nne: alkaptonuria, ualbino, sistinuria na pentosuria. Mihadhara hiyo ilitolewa kama kitabu mwaka 1909, na toleo la pili lililopanuliwa lilifuata mwaka 1923.

Maelezo yake yalikuwa haya. Mwili huvunja chakula na kujenga viungo kwa hatua nyingi zinazofuatana. Kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, kazi hukwama kwenye hatua hiyo. Kitu kilichotakiwa kubadilishwa hujilimbikiza, na kitu kilichotakiwa kutengenezwa hakipatikani.

Katika alkaptonuria mwili hushindwa kumaliza kuvunja tirosini na fenilalanini, ambazo ni sehemu za protini ya chakula. Asidi ya homojentisiki hubaki, nyingine hutoka kwa mkojo, na nyingine huganda polepole kwenye gegedu na kuharibu viungo katika utu uzima. Katika ualbino ni kinyume: mwili hushindwa kutengeneza melanini, rangi ya ngozi, nywele na macho. Maelezo hayo yanaonyesha pia kwa nini baba na mama wenye ngozi nyeusi wanaweza kumzaa mtoto mwenye ualbino, bila kosa la yeyote kati yao.

Mwaka 1910 Garrod alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

## Vita na misiba

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Garrod aliingia jeshini kama daktari mshauri. Tangu mwaka 1915 hadi 1919 alifanya kazi Malta, kisiwa kilichopokea majeruhi na wagonjwa wengi kutoka pande za Mediteranea. Mwaka 1918 alipewa cheo cha heshima cha Sir kwa utumishi wake.

Miaka hiyo ilimwachia majonzi makubwa. Wanawe wawili walikufa vitani, na wa tatu alikufa mwaka 1919 nchini Ujerumani katika janga la homa ya mafua lililoenea duniani baada ya vita. Aliyebaki alikuwa Dorothy. Huyo baadaye alikuwa mwanaakiolojia mashuhuri, na mwaka 1939 akawa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa kamili katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

## Oxford na miaka ya mwisho

Mwaka 1920 Garrod aliteuliwa kuwa Profesa wa Kifalme wa Tiba huko Oxford, akishika nafasi ya William Osler aliyefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa akisisitiza kwamba wanafunzi wa tiba wanahitaji maabara karibu na wodi, na kwamba ugonjwa adimu haupaswi kupuuzwa, kwa kuwa unafichua kazi ya kawaida ya mwili ambayo vinginevyo isingeonekana. Alistaafu mwaka 1927.

Mwaka 1931, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alitoa kitabu chake cha mwisho, kuhusu mambo ya kuzaliwa yanayochangia magonjwa. Humo alirudia wazo la mwaka 1902 kwa upana zaidi: si magonjwa adimu pekee yanayotokana na kemia ya mtu binafsi, bali hata mwelekeo wa kupata magonjwa ya kawaida, na pia mwitikio wa mtu kwa dawa na kwa vyakula.

Alifariki Cambridge, nyumbani kwa bintiye, tarehe 28 Machi 1936.

## Mapokezi ya mawazo yake

Garrod aliheshimiwa sana alipokuwa hai, lakini mawazo yake makuu hayakufuatwa na wengi. Madaktari waliona kwamba magonjwa aliyoyachunguza ni adimu mno kuwahusu katika kazi ya kila siku. Wanajenetiki nao walishughulika zaidi na mimea na nzi, wala hawakusoma sana majarida ya tiba. Vilevile, wakati ule haikujulikana jeni imetengenezwa na nini, na hakukuwa na njia ya kuipima.

Mwaka 1941 Wamarekani George Beadle na Edward Tatum walionyesha kwa kutumia ukungu wa mkate kwamba kila jeni huongoza kimeng'enya fulani. Walipopata Tuzo ya Nobel mwaka 1958, Beadle alikiri wazi kwamba Garrod alikuwa amelifikia wazo hilo miongo kadhaa kabla yao. Mwaka huohuo wa 1958 watafiti walithibitisha kwamba kimeng'enya alichokitabiri Garrod kwa kweli hakipo kwenye ini la mgonjwa wa alkaptonuria. Jeni yenyewe ilitambuliwa na watafiti wa Hispania mwaka 1996.

## Kuanza kwa famakojenetiki

Garrod mwenyewe hakufanya majaribio ya kuthibitisha kwamba mwitikio kwa dawa unarithiwa. Uthibitisho ulikuja miaka ya 1950, pale dawa mpya zilipotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja.

Mfano wa kwanza ni primakwini, dawa ya malaria. Ilifanyiwa majaribio Marekani kwa wafungwa, jambo linalolaumiwa leo kwa kuwa mfungwa hana uhuru kamili wa kukubali au kukataa. Baadhi ya waliopewa dawa, hasa Wamarekani wenye asili ya Afrika, walipungukiwa damu ghafla kwa sababu chembe nyekundu zilipasuka. Mwaka 1956 ilionyeshwa kwamba watu hao wana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzilinda chembe hizo. Upungufu huo hurithiwa.

Mfano wa pili ni isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka 1952. Watu wengine huiondoa mwilini haraka, wengine polepole, na hao wa polepole huathirika zaidi kwenye neva. Mfano wa tatu ni saksamethoni, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji. Kwa kawaida nguvu yake huisha baada ya dakika chache, lakini wagonjwa wachache hushindwa kupumua wenyewe kwa muda mrefu, kwa kuwa kimeng'enya cha kuivunja ni dhaifu.

Mwaka 1957 daktari Arno Motulsky wa Marekani alikusanya mifano ya aina hiyo na kuonyesha kwamba ina msingi mmoja wa kijenetiki. Mwaka 1959 Friedrich Vogel wa Ujerumani aliupa uwanja huo jina la famakojenetiki, na mwaka 1962 Werner Kalow wa Kanada aliutungia kitabu.

## Kupima jeni kabla ya kutoa dawa

Tangu hapo wazo la Garrod limeingia katika huduma za hospitali. Mifano inayojulikana ni hii:

* Abakaviri, dawa ya VVU, huweza kuleta mzio wa hatari kwa watu wenye aina ya jeni iitwayo HLA-B*57:01. Mgonjwa akipimwa na kukutwa nayo, hupewa dawa nyingine.
* Merkaptopurini hutumika kutibu saratani ya damu kwa watoto. Mtoto aliyerithi upungufu mkubwa wa kimeng'enya TPMT anaweza kuharibiwa uboho kwa kipimo cha kawaida, hivyo hupewa kiasi kidogo sana.
* Kodeini hutuliza maumivu baada tu ya kubadilishwa kuwa mofini na kimeng'enya CYP2D6. Kwa watu wengine haifanyi kazi. Kwa wengine hubadilishwa haraka mno na huweza kuzuia pumzi. Hao wa haraka ni wengi nchini Ethiopia kuliko Ulaya ya kaskazini.
* Fluorourasili ni dawa ya saratani inayovunjwa na kimeng'enya DPD. Mwaka 2020 huduma ya afya ya Uingereza ilianza kuwapima wagonjwa jeni ya DPYD, inayoongoza kimeng'enya hicho, kabla ya kuwapa dawa hiyo.

Kipimo cha jeni hakiondoi kazi ya daktari. Umri, uzito, hali ya ini na figo, dawa nyingine na chakula pia hubadilisha nguvu ya dawa. Jeni huonyesha hatari iliyopo kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa.

## Afrika Mashariki

Suala hili linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Upungufu wa G6PD umeenea katika maeneo yenye malaria nyingi. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, aliuchunguza kwa watu wa Afrika Mashariki na kuandika juu yake mwaka 1960. Kama ilivyo kwa selimundu, jeni yenye kasoro imebaki kwa sababu humpa mbebaji kinga kiasi dhidi ya malaria. Hapo mifano miwili ya Garrod ya mwaka 1902, dawa inayodhuru na kinga ya asili, inakutana katika jeni moja.

Kutokana na hali hiyo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2012 dozi moja ndogo ya primakwini, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ili kuzuia uenezaji wa malaria ya falsiparamu bila kulazimika kumpima kila mgonjwa G6PD. Matibabu marefu ya dawa hiyo, yanayohitajika kwa malaria ya vivaksi, bado yanahitaji uangalifu na kipimo pale kinapopatikana.

Mfano mwingine ni efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi katika matibabu ya kwanza ya VVU Tanzania, Kenya na Uganda. Aina ya jeni CYP2B6 inayopunguza kasi ya kuivunja ni ya kawaida kwa Waafrika wengi. Waliorithi aina hiyo kutoka kwa baba na mama pia hubaki na dawa nyingi katika damu, na wanaweza kusumbuliwa na kizunguzungu na ndoto mbaya. Mgonjwa aliyelalamika hivyo hakuwa lazima mtu wa kutafuta sababu ya kuacha dawa. Huenda mwili wake ulipokea dozi kubwa kuliko jirani yake, ingawa walimeza kidonge kilekile.

Vipimo vingi vilivyopo viliundwa kwa kuchunguza watu wenye asili ya Ulaya, huku Afrika ikiwa na tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko bara lolote lingine. Kwa hiyo kipimo kilichotengenezwa London au Boston kinaweza kukosa aina za jeni zinazopatikana Mwanza au Kisumu, na tafiti za wenyeji zinahitajika ili faida yake iwafikie wagonjwa wote.